Kufula tapi na fotei: kwa mwezi, makuta ngapi inabakia kweli?

Mu Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, wafanyakazi wa migodi wenye kusimamishwa, na wale wenye kuogopa kusimamishwa, wanatafuta kazi ya mukono yao wenyewe. Kufula tapi, mokete na fotei nyumbani kwa watu ni moja ya hizo kazi. Inaomba mashini moja, mayi, sabuni na nguvu. Lakini kati ya ile watu wanasema inaingia na ile inabakia mu mufuko, kuko tofauti kubwa. Tufanye hesabu pamoja.

Wazee wetu walikuwa wakisema juu ya Union Minière, kisha juu ya Gécamines: kampuni njo baba, njo mama. Ilitoa nyumba, unga, masomo na hospitali. Mwaka 2003 na 2004, wakati Gécamines ilikuwa imeanguka na mishahara imesimama miezi na miezi, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka mu ile programu ya « départ volontaire » iliyosaidiwa na makuta ya Benki ya Dunia. Kila mutu alipokea makuta yake kwa mara moja. Kuna walionunua gari ya taxi, kuna waliofungua duka, kuna waliorudi shamba. Wengi waliingia mu biashara wasiyoijua, na makuta yakaisha mbele biashara haijasimama. Jamaa nyingi zingali zinakumbuka.

Leo hatari ni ile ile, ingawa majina ya makampuni yamebadilika. Mwisho wa 2019, Mutanda, mugodi mukubwa wa kobalti karibu na Kolwezi, ulisimamishwa kwa muda juu ya bei mbaya. Mwezi wa pili 2025, serikali ilifunga kutuma kobalti inje, na mwezi wa kumi ikaleta kota. Bei ikitikisika kule London, mutu wa posti ya usiku kule Kolwezi anasikia. Kwa hiyo swali la « nitafanya nini na décompte final yangu? » si swali la wavivu. Ni swali la mutu mwenye watoto.

Kazi yenyewe njo gani?

Tapi au fotei haifulwi sawa nguo. Kwanza unatoa vumbi kwa aspiratere. Unajaribu dawa mu kona moja yenye haionekane, kuona kama rangi inatoka. Unapulizia mayi na sabuni kidogo, unasugua na brosi, kisha unavuta ile mayi chafu na mashini. Mashini ya kazi hii inapiga mayi na kuivuta tena. Kama inavuta vibaya, kitambaa kinabakia na mayi ndani, kinanuka, na muteja anakuita tena, safari hii kwa kulalamika.

Salo ya nafasi saba, kama haina doa nzito, inakamata karibu saa tatu kwa watu wawili, pamoja na kufungua na kufunga vyombo. Ongeza njia ya kwenda na kurudi: ni nusu ya siku. Kwa hiyo mashini moja, siku moja, kazi mbili. Mutu akikuambia anafanya tano kwa siku, muulize kama ni fotei tano ao nyumba tano.

Hesabu ya mudomo na hesabu ya kaye

Namba tunazoweka hapa ni za mufano, kwa kuonyesha njia. Wewe utaziondoa na kuweka bei ya mutaa wako.

Tuseme kazi moja ya kawaida, salo na tapi moja, unalipwa dola 30. Hesabu ya mudomo inaenda hivi: kazi mbili kwa siku, siku 26 kwa mwezi, ni kazi 52. Mara 30, ni dola 1,560. Mutu anasikia ile namba, anaona mushahara wake wa mugodi, anaandika barua ya kuacha kazi.

Sasa hesabu ya kaye. Kila kazi iko na makuta yake yenye kutoka:

Taxi ya kubeba mashini, kwenda na kurudi: dola 4.
Sabuni na dawa ya doa: dola 3.
Musaidizi: dola 5.
Inite za simu, na esansi ya grupu siku moto unakatika: dola 2.

Jumla dola 14. Mu ile 30, inabakia 16.

Halafu kuna makuta yenye kutoka kila mwezi, ufanye kazi usifanye. Mashini ya dola 600 yenye kudumu miaka miwili inakula dola 25 kwa mwezi. Usipoiweka pembeni, siku itakufa utaanza kuomba deni. Ongeza dola 10 ya matangazo na simu, na dola 8 ya kuweka kwa patente na karatasi za kominé. Jumla dola 43.

Mwezi wa kwanza na wa pili, watu hawakujue. Ukipata kazi mbili kwa juma, ni nane kwa mwezi. Umeshika dola 240 mukononi. Lakini nane mara 16 ni 128, toa 43: inabakia dola 85. Njo mushahara wako wa kweli.

Ukifika kazi 16 kwa mwezi, yaani ine kwa juma: 256 toa 43, ni dola 213. Ukifika 26, yaani moja kila siku ya kazi: dola 373. Na zile 52? Zikitokea, zitabakisha dola 789, nusu tu ya 1,560 ya mudomo. Na zinataka kila siku kazi mbili, bila mvua, bila ugonjwa, bila muteja kuahirisha. Mwezi kama ule unaweza kuuona kwa Noeli. Usiujengee nyumba.

Kama jamaa inahitaji dola 200 kwa mwezi kwa unga, masomo na nyumba, basi swali lako ni moja tu: nitapata wapi kazi 16 kila mwezi?

Nyumba mia moja

Hapa njo wengi wanaanguka, hata wenye kufula vizuri. Tapi haifulwi kila juma. Muteja muzuri anakuita mara mbili kwa mwaka. Kazi 16 kwa mwezi ni 192 kwa mwaka. Kama kila nyumba inakuita mara mbili, unahitaji nyumba 96 mu kaye yako. Sema mia moja. Kama zinakuita mara moja tu, unahitaji karibu mia mbili.

Nyumba mia moja hazipatikane mu mwezi moja. Ukipata nyumba mpya mbili kila juma, utafika mia kisha mwaka moja hivi. Ule mwaka njo unaua biashara, juu mutu alihesabu kula kuanzia juma la kwanza. Mu décompte final, mbele ya kununua mashini, tenga unga na masomo ya mwaka. Kama kisha kutenga hivyo mashini inakuwa nzito, anza na mashini ndogo ya kukodi, ao shirikiana na mwenye nayo.

Nyumba zenyewe, zitafute kwa akili. Golf na Bel-Air wako na salo kubwa na tapi nzito, lakini wako na watu wenye kuwafulia tayari. Kenya, Katuba na Ruashi wako na nyumba mingi zenye fotei za velu zenye hazijaguswa hata siku moja, na bei yao ni ndogo. Usidharau hii ya pili. Mutaa ambamo nyumba zinashikana, unaweza kufanya mbili kwa taxi moja. Ile taxi ya dola 4 ikigawanyika kwa kazi mbili, kila kazi inabakisha 18 pahali pa 16. Kwa kazi 16, ni dola 32 zaidi mwishoni mwa mwezi, bila kupandisha bei hata kidogo.

Kwa hiyo muteja akikuita kule Katuba siku ya nne, mujibu vizuri: « Mama, siku ya sita niko Katuba, nitakushushia bei kidogo. » Wengi watakubali kungojea. Na ukimaliza, mbele ya kufunga mashini, uliza jirani. Fotei yenye kungaa mulangoni inatangaza kuliko karatasi mia.

Majira ya kazi

Kazi hii iko na miezi yake. Mu kipwa, toka mwezi wa tano mpaka wa tisa, vumbi nyekundu inaingia kila pahali na vitambaa vinakauka mbio. Mwezi wa saba na wa nane ni miezi ya ndoa: masalo ya fete, viti, tapi nyekundu ya bibi-arusi. Karibu na Noeli na Bonane kila mutu anataka nyumba safi, hata kama mvua inanyesha. Karibu na Pasaka pia, na wakati jamaa inangojea wageni wa matanga ao wa ndoa ya kimila.

Kisha kuna miezi mikavu ya makuta. Mwezi wa kwanza watu wamemaliza yote kwa fete. Mwezi wa tisa, minerval ya watoto inakula kila kitu. Na katikati ya mvua, fotei yenye kulowa inaweza kukaa siku mbili bila kukauka. Usiahidi « jioni mutakaa ». Ahidi kesho yake, na uvute mayi mara mbili.

Mu juma pia kuna mwendo. Watu wanaita kisha kulipwa, toka tarehe 28 mpaka tarehe 5. Wanataka siku ya sita. Kwa hiyo siku ya sita unakimbia, na siku ya pili umekaa. Ujaze zile siku za wazi na wateja wasiotegemea siku ya sita: makanisa, yenye tapi yao inatumika siku ya mungu na inaweza kukauka juma lote, maofisi madogo, magari ya watu wa transpora, nyumba za wageni kule Kolwezi. Kanisa halilipe sana, lakini wanaosali mule ndani wako na nyumba.

Randevu yenye kushika

Simu ya muteja si kazi. Mutu anapiga, anauliza bei, anasema « nitakuita ». Mu kaye yako tengeneza mistari mitano: aliyepiga, bei, aliyekubali, kazi iliyofanyika, makuta yaliyoingia. Kisha miezi mitatu utajua, kwa watu kumi wenye kupiga, wangapi wanalipa. Ile namba hakuna mutu mwingine anaweza kukupa.

Mazungumuzo mengi yanaenda hivi:

— Mama, salo yenu iko na nafasi ngapi?
— Saba, papa. Lakini haiko chafu sana.
— Kuko doa ya mafuta? Mukojo ya mutoto?
— Ah, utaona wewe mwenyewe.

Ile « utaona wewe mwenyewe » inaweza kukula saa mbili zaidi. Omba picha kwa WhatsApp, ya fotei nzima na ya doa. Kisha taja bei, useme pia kile hakimo: « Doa ya wino siahidi kuitoa. » Muteja aliyeambiwa mbele hakasiriki nyuma.

Kuahirisha ni ugonjwa wa kazi hii. Umefika na mashini, mayi imekatika tangu asubuhi. Ao bwana wa nyumba ametoka na makuta. Ao wamefiwa, na pale hakuna la kusema. Dawa ni akonti ndogo kwa M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money siku ya kupanga randevu, dola 5 inatosha. Si kwa kumufunga muteja. Ni taxi yako ile. Piga simu usiku mbele ya kazi, uulize kama mayi iko. Tembea na bido mbili zenye mayi, za kuanzia kazi.

Bei itajwe kwa dola, na useme mapema kama unapokea faranga kwa kiwango gani. Maneno mengi mabaya mulangoni yanazaliwa hapo.

Muteja mukubwa, deni kubwa

Kila mutu anaota ya kufula kwa makampuni ya migodi na wasutreta wao. Ni kazi muzuri, lakini iko na milango. Sheria ya sous-traitance ya tarehe 8 mwezi wa pili 2017 inataka kazi hizi zipewe makampuni yenye makuta yake mengi ni ya Wakongomani, na kuko ofisi ya serikali, ARSP, yenye kuandikisha wasutreta. Bila karatasi hauingii kwa jina lako. Unaweza kufanya kazi chini ya mwenye karatasi, naye atakata sehemu yake.

Angalia pia siku ya kulipwa. Nyumba inalipa pale pale. Kampuni inapokea fakture na inalipa kisha siku 30, 60, saa ingine zaidi. Ukifanya kazi ya dola 400 kwa kampuni, sabuni, taxi na musaidizi umelipa wewe leo. Kama hauna dola 200 za kungojea nazo, ile kazi kubwa itakuangusha kuliko kukuinua. Sheria ya wenye kudumu: kazi za fakture zisipite tatu kwa kumi, mpaka mufuko upate nguvu.

Siku tapi inaharibika

Itatokea. Tapi ya manyoya ya kondoo inajikunja kwa mayi ya moto. Rangi nyekundu inatoka na kuingia mu nyeupe. Javeli inakula rangi milele. Tapi ya dola 150 ukiilipa, umelipa faida ya karibu kazi kumi, yaani zaidi ya nusu ya mwezi wako wa kazi 16. Kwa hiyo ile dakika tano ya kujaribu mu kona si kupoteza wakati. Piga picha mbele ya kuanza, muteja akiona, juu doa ya zamani isikuwe yako. Na tapi yenye haujue kitambaa chake, kataa. Kukataa hakulipe, lakini hakukudai.

Vumbi ya mugodi ndani ya salo

Kuna jambo lenye kutuhusu kuliko watu wa miji ingine. Mwaka 2018, watafiti wa Université de Lubumbashi na wa KU Leuven, Ubelgiji, walichapisha uchunguzi wao wa mutaa wa Kasulo, Kolwezi, kule watu walichimba kobalti katikati ya nyumba. Walikuta kobalti mingi mu vumbi na mu mukojo wa wenyeji, zaidi kwa watoto. Vumbi ile inaingia na viatu na salopeti, inalala mu tapi, na mutoto anatambaa juu yake.

Kwa mwenye kufula, hii ina maana mbili. Kwanza, jilinde: vaa masiki na ganti, usipige tapi kavu ndani ya nyumba, usimwage mayi chafu mu bustani ya mboga wala karibu na kisima. Wewe uliyekaa miaka chini ya mugodi, mapafu yako yamekwisha kuona vumbi ya kutosha. Pili, waambie wateja ukweli bila kuwaogopesha: salopeti na bote zibakie inje, tapi ya chumba cha watoto ipite aspiratere kila juma. Usiseme kwamba unaponyesha mutu. Unatoa vumbi, basi. Lakini mama mwenye kuelewa kwa nini anakuita, atakuita tena.

Mbele ya kuacha posti

Kama ungali na kazi, hauko na haraka. Wengi mu migodi wanafanya kazi kwa mizunguko: siku za posti, siku za kupumzika. Tumia siku za kupumzika kwa kujaribu, miezi mitatu mizima, na moja yao iwe ya mvua. Bibi ao dada ashike simu na kaye. Mara nyingi akina mama njo wanaamua juu ya salo, na wanaongea vizuri na mama mwenzao. Lakini mwenye kushika simu naye alipwe, hata kidogo. Kazi ya jamaa yenye hailipe mutu inakufa na magomvi.

Mwisho wa mwezi wa tatu, fungua kaye. Kazi ngapi zilifanyika? Makuta ngapi ilibakia kisha kutoa kila kitu, hata mashini? Wangapi walikuita mara ya pili ao walikutumia jirani? Kama uko na kazi nane kwa mwezi na jirani wanaanza kupiga, kazi iko hai: endelea hivyo, na posti yako ingali mukononi. Kama umefika 16 kwa mbio ya siku za kupumzika peke yake, unaweza kuanza kufikiri. Kama uko na tatu, na zote ni za ndugu na marafiki, mashini ingali na bei: uza, ao ikodishe kwa mwingine.

Dola 213 kwa mwezi, zenye kuingia mwezi kwa mwezi, zinalisha nyumba kuliko dola 1,560 za mudomo. Aliyekuambia 1,560, muombe akuonyeshe kaye yake.